Ngoja Ngoja ya Rufaa



Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi huja ofisini kwetu mzee mmoja, mwanachama wa tangu zamani. Huvaa koti lake la kazi, limefuliwa na kupigwa pasi, hukaa kwenye benchi karibu na mlango, wala hasemi mengi. Akifikiwa na zamu yake huuliza neno moja tu: "Katibu, barua ya korti imefika?" Na katibu humjibu neno lile lile la mwezi uliopita: "Bado, mzee. Twangoja tarehe."

Mzee huyu alifanya kazi ya mashine katika kiwanda kimoja kwa miaka kumi na sita. Asubuhi moja alizuiwa langoni akapewa barua ya kufutwa kazi. Hakuelezwa kosa lake wala hakusikilizwa. Chama kikapeleka shauri lake kortini. Pande zote mbili zikasikilizwa, ikaamuliwa ya kwamba alifutwa kazi bila ya haki, na tajiri amlipe mshahara wa miezi kumi pamoja na haki zake nyingine. Siku ile tulipiga makofi. Tajiri hakupiga kelele hata kidogo. Wakili wake aliandika karatasi moja tu, akakata rufaa, halafu akaomba malipo yasimamishwe mpaka rufaa iamuliwe. Mara wakili ni mgonjwa, mara faili haijakamilika, mara anaomba siku nyingine. Sasa ni mwaka wa tano. Mzee alishinda kesi, lakini hajashika hata senti moja ya ushindi wake.

Hatutaji jina lake, wala kiwanda, wala korti, kwa sababu shauri bado halijakwisha, na kwa sababu jambo hili si la mtu mmoja. Kila tawi la chama lina mzee wa namna hii kwenye benchi lake. Wengine ni vijana, wengine ni akina mama wa mashambani na wa viwanda vya nguo, lakini swali lao ni moja.

Twaandika leo kwa sababu wako wanaofikiri ya kwamba kungoja ni kitu kisichoegemea upande wo wote. Ya kwamba pande mbili zinangoja sawasawa, kama watu wawili wanaongoja basi moja. Sivyo. Katika shauri la kazi, tajiri akingoja, mashine zake zinaendelea kuzunguka na hesabu yake benki iko pale pale. Mfanya kazi akingoja, kodi ya nyumba haingoji, karo ya shule haingoji, na bei ya unga haimngoji jaji. Wazee walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakusema ni matumbo ya nani, lakini sisi twajua. Kungoja kwenyewe ni hukumu, na hukumu hii humwangukia mnyonge kabla majaji hawajafungua faili.

RUFAA SI ADUI YETU

Katika mikutano ya matawi tumesikia ndugu wengine wakisema rufaa ifutwe kabisa katika mambo ya kazi. Twaelewa uchungu wao, lakini hatukubaliani nao, na yafaa tueleze kwa nini.

Korti ya Kazi ilipoanzishwa mwaka wa 1964, uamuzi wake ulikuwa wa mwisho. Hapakuwa na rufaa. Chama kikishinda kimeshinda, kikishindwa kimeshindwa. Jambo lile lilikuwa na faida moja kubwa, yaani mashauri yalikuwa na mwisho. Lakini lilikuwa na hasara yake pia. Jaji ni binadamu, naye aweza kukosea. Akikosea juu ya mfanya kazi, mfanya kazi yule hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Sheria za kazi za mwaka wa 2007 zikafungua mlango ule. Halafu Katiba ya mwaka wa 2010, na sheria iliyofuata mwaka wa 2011, zikaipa Korti ya Kazi cheo kilicho sawa na Mahakama Kuu. Tangu hapo rufaa zake huenda Korti ya Rufaa, ambayo imekuwa korti ya Kenya yenyewe tangu mwaka wa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Mbele ya hapo nchi zetu zilikuwa na korti moja ya rufaa kwa pamoja. Tena tangu mwaka wa 2018 mahakimu waliochaguliwa husikiliza mashauri ya watu ambao mshahara wao hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Rufaa ya hao huenda Korti ya Kazi, na kutoka hapo yaweza kupanda tena. Kwa hivyo mfanya kazi wa mshahara mdogo ndiye awezaye kupandishwa ngazi mbili za rufaa kabla ya kulipwa.

Wafanya kazi nao wamekata rufaa, nao wameshinda huko juu mambo waliyoshindwa huku chini. Macho sita ya majaji watatu huona kuliko macho mawili. Basi hatutaki rufaa ifutwe. Twataka iwe na mwisho unaojulikana.

SAA ZINAPOTELEA WAPI

Mwanachama hawezi kudai asichokielewa. Kwa hivyo tueleze njia yenyewe kwa maneno machache.

Anayetaka kwenda Korti ya Rufaa hana budi kutoa notisi kwa muda wa siku 14 tangu uamuzi. Baada ya kuitoa notisi ile, ana siku 60 za kuleta kitabu cha rufaa, yaani karatasi zote za kesi zikiwa zimepangwa na kushonwa pamoja. Mpaka hapo sheria ina tarehe, na tarehe zile ni nzuri.

Lakini kitabu cha rufaa hakiwezi kukamilika bila ya maandishi ya yale yaliyosemwa kortini, yaliyopigwa chapa na kutiwa sahihi. Aliyeomba maandishi hayo mapema na kwa barua, akampa mwenzake nakala ya barua ile, hupewa cheti cha kusema ya kwamba siku za kungoja maandishi zisihesabiwe. Cheti hiki ni cha haki, maana mtu hawezi kuadhibiwa kwa kosa la mpiga chapa. Lakini mkononi mwa mtu asiye na haraka, cheti hiki huwa mto wa kulalia.

Wakati huo huo tajiri huomba malipo yasimamishwe. Mara nyingi korti hukubali, wakati mwingine kwa sharti ya kwamba pesa ziwekwe benki kwa majina ya mawakili wa pande zote mbili. Sharti hiyo ni bora kuliko kutokuwa na kitu, kwa maana tajiri hawezi kuzitorosha. Lakini pesa zilizo benki kwa majina mawili haziwezi kununua hata kibaba cha maharagwe.

Baada ya kitabu kukamilika hungojwa siku ya kusikilizwa, na rufaa husikilizwa na majaji watatu wakikaa pamoja. Akikosekana mmoja, kikao hakuna. Wakisha kusikiliza, husema ya kwamba hukumu itatolewa siku fulani au kwa notisi. Neno hilo "kwa notisi" tumelisikia mara nyingi. Mtu hurudi nyumbani akamwambia mkewe, "Wamesema watatujulisha," na mkewe humwuliza, "Lini?" naye hana jibu.

Hapa ndipo penye kasoro. Mfanya kazi amewekewa siku 14, amewekewa siku 60, na akichelewa siku moja anafukuzwa au inambidi kupiga magoti kuomba radhi. Lakini tangu kitabu kifike kortini mpaka neno la mwisho, hana tarehe ya kuishika mkononi.

HASARA ISIYOANDIKWA

Wako watakaosema: mtu akishinda mwishowe atalipwa, tena pengine pamoja na riba, basi amepoteza nini? Amepoteza mambo matatu.

La kwanza ni kazi yenyewe. Sheria ya mwaka wa 2011 yasema korti yaweza kuamuru mtu arudishwe kazini kwa muda wa miaka mitatu tangu alipofutwa. Miaka mitatu ikipita, mlango huo umefungwa, hata kama mtu yule hakuwa na kosa lo lote. Fikirini jambo hili vizuri, ndugu. Haihitaji jaji kusema ya kwamba hustahili kazi yako. Kalenda yatosha. Tazameni shauri la wafanya kazi wa ndege wa Kenya Airways lililoandikwa katika magazeti yote. Zaidi ya watu 400 wa chama chao walipunguzwa kazini mwaka wa 2012. Mwezi wa Disemba mwaka ule ule Korti ya Kazi ikaamuru warudishwe. Kampuni ikakata rufaa, na mwezi wa Julai 2014 Korti ya Rufaa ikaitangua amri ile ya kurudishwa. Hatusemi hapa nani alikuwa na haki. Majaji walitoa sababu zao, na kila mtu aweza kuzisoma. Twasema tu ya kwamba kwa karibu miezi 19 mamia ya jamaa walikaa bila kujua kama baba au mama ana kazi au hana. Na lile lilikuwa shauri kubwa, lililotazamwa na nchi nzima. Shauri la mfagiaji mmoja halitazamwi na mtu.

La pili ni thamani ya pesa. Tuseme mtu alikuwa na mshahara wa shilingi 18,000, korti ikampa fidia ya miezi 12, ambayo ndiyo kipimo cha juu kabisa katika Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007. Hiyo ni shilingi 216,000. Akilipwa mwezi ule ule, aweza kulipa madeni, kununua cherehani au kufungua kibanda. Akilipwa baada ya miaka mitano, pesa zote huenda kwa mwenye duka, kwa mwenye nyumba, na kwa wale waliomkopesha akingoja. Jina la ushindi ni lake, lakini pesa zenyewe ni za watu.

La tatu, na hili ndilo baya zaidi, ni kuvunjwa moyo. Tumeona mara nyingi tajiri akimwita mtu kando, bila ya chama, akamwambia kwa sauti ya upole: "Rafiki, kesi hizi ni ndefu. Chukua nusu leo, tutie sahihi, tusahau." Mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, jiko halijawashwa, naye hutia sahihi. Haki yake ilikuwa shilingi mia, amechukua hamsini, na faili imefungwa kwa maneno "wamepatana". Huko si kupatana. Ni kununua njaa ya mtu kwa bei rahisi. Jambo hili halimo katika hesabu ya korti yo yote, lakini ndilo linalomfanya tajiri mwenye akili kukata rufaa hata akijua atashindwa. Hakati rufaa ili ashinde. Anakata rufaa ili ununue muda, na muda ndio unaomshinda mwenzake.

YAWEZEKANA

Tukilalamika huambiwa ya kwamba mashauri ni magumu, na haki haiwezi kukimbizwa. Haraka haraka haina baraka. Sawa. Lakini natutazame yanayofanyika katika nchi yetu wenyewe.

Katiba yasema ya kwamba shauri la kupinga uchaguzi wa Rais lazima liamuliwe na Korti ya Juu kwa siku 14 tangu kufunguliwa. Mwaka wa 2013 liliamuliwa katika siku hizo. Mwaka wa 2017 shauri lilifunguliwa tarehe 18 Agosti, na tarehe 1 Septemba majaji wakatangua uchaguzi mzima. Mwaka wa 2022 wakaamua tena katika muda ule ule. Makaratasi yalikuwa malori, mawakili walijaa ukumbi, lakini siku ya 14 ilipofika neno lilisemwa. Mashauri ya viti vya Bunge yamewekewa miezi sita, na rufaa zake huko Korti ya Rufaa zimewekewa miezi sita vile vile.

Tazameni tena Korti ya Madai Madogo iliyofunguliwa mwaka wa 2021. Hiyo hutazama madai ya watu yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria imeiwekea siku 60 tangu kufunguliwa mpaka kuamuliwa. Na kanuni za mashauri ya madai za mwaka wa 2010 zasema jaji wa Mahakama Kuu akisha kusikiliza kesi atoe hukumu kwa siku 60. Asipoweza, aandike sababu, na nakala iende kwa Jaji Mkuu.

Na hata katika mambo ya kazi tumeona mwendo. Tarehe 30 Juni 2015 Korti ya Kazi iliwapa walimu nyongeza ya mshahara ya asilimia 50 hadi 60. Rufaa ikakatwa, walimu wakagoma mwezi wa Septemba, na tarehe 6 Novemba mwaka ule ule Korti ya Rufaa ikatoa uamuzi wa kuiondoa nyongeza ile. Walimu hawakufurahi, na sisi hatukufurahi pamoja nao. Lakini rufaa ilichukua miezi minne na siku chache. Basi yawezekana.

Mfano wa mwisho unatugusa sote mfukoni. Sheria mpya ya NSSF ilipitishwa mwaka wa 2013, ikapingwa kortini mwaka wa 2014, na chama cha wafanya kazi kilikuwa miongoni mwa waliopinga. Uamuzi wa Korti ya Kazi ulitoka tarehe 19 Septemba 2022, baada ya miaka minane, ukasema sheria ile haifuati Katiba. Korti ya Rufaa ikautangua tarehe 3 Februari 2023, ikisema Korti ya Kazi haikuwa na uwezo wa kusikiliza shauri lile. Makato yakapanda mara moja, na mtu aliyekuwa akikatwa shilingi 200 kwa mwezi aliweza kukatwa hadi shilingi 1,080. Halafu tarehe 21 Februari 2024 Korti ya Juu ikasema ya kwamba Korti ya Kazi ilikuwa na uwezo huo, ikalirudisha shauri Korti ya Rufaa ili kiini chake kitazamwe. Hapa tunajifunza mambo mawili. Moja, ya kwamba korti moja yaweza kuchukua miaka minane na nyingine isifike miezi mitano katika shauri lile lile. La pili, ya kwamba mbio peke yake si dawa. Uamuzi wa upesi usiogusa kiini hurudishwa, na safari ikaanza tena. Kwa hivyo hatudai mbio. Twadai mwendo wenye tarehe, na kazi iliyokamilika.

UPUNGUFU WA MAJAJI

Haitakuwa haki kuwalaumu majaji peke yao. Mwaka wa 2019 Tume ya Utumishi wa Mahakama ilipendekeza watu 41 wawe majaji: 11 wa Korti ya Rufaa, 20 wa Korti ya Mazingira na Ardhi, na 10 wa Korti ya Kazi. Rais wa wakati ule hakuwaapisha. Faili zikalundikana huku watu waliochaguliwa kuzisoma wakikaa nje. Mwezi wa Juni 2021 wakaapishwa 34, wakaachwa sita, na wanne kati ya hao sita walikuwa wa Korti ya Rufaa. Wale sita wakaapishwa mwezi wa Septemba 2022 na Rais aliyefuata. Ilipita miaka mitatu na zaidi. Wakubwa walipokuwa wakivutana, mfanya kazi aliyekuwa na rufaa alikuwa akingoja, wala hakuna aliyemwuliza.

Katiba yenyewe, kifungu cha 159, yasema haki isicheleweshwe. Amri hiyo haikupewa majaji peke yao. Imepewa pia wale wanaowachagua majaji, wanaowaapisha, na wanaotoa pesa za kuajiri wapiga chapa na makarani.

MAKOSA YETU

Sasa tujitazame sisi wenyewe, maana nyani haoni kundule.

Tumepoteza siku nyingi kwa uzembe wetu. Wako makatibu wa matawi wanaoweka barua ya korti mfukoni mpaka siku 14 zimekwisha. Wako wanachama wanaohama nyumba na kubadili namba ya simu bila kukijulisha chama, na siku shauri linapoitwa hawapatikani. Tangu Julai 2020 karatasi za korti za Nairobi hupelekwa kwa kompyuta, na tarehe hutangazwa huko huko, lakini ofisi nyingine zetu bado hungoja tarishi. Tena tajiri akikata rufaa kwa notisi, halafu asilete kitabu kwa wakati, rufaa ile huhesabiwa kuwa imeondolewa, nasi twaweza kuomba korti iitupe. Ni mara ngapi tumeomba? Mara nyingi tumekaa tukilalamika juu ya rufaa ambayo ilikwisha kufa yenyewe, ikingoja mtu wa kuizika.

Kwa hivyo kila tawi lifanye haya:

1. Liwe na daftari moja la mashauri, lenye tarehe ya hukumu, tarehe ya notisi, tarehe ya kitabu cha rufaa, na tarehe ya kusikilizwa. Daftari lisomwe katika kila mkutano wa kamati.

2. Tajiri akiomba malipo yasimamishwe, wakili wetu adai sehemu ilipwe mara moja kwa mfanya kazi, na iliyobaki iwekwe benki. Tusikubali kusimamishwa bure.

3. Shauri la kurudishwa kazini lipelekwe kwa cheti cha haraka, na miaka mitatu ya sheria itajwe waziwazi mbele ya majaji.

4. Mwanachama asitie sahihi ya kupatana kabla ya kufika ofisini. Akiona njaa imembana, aje tuseme naye. Mfuko wa msaada wa chama uliwekwa kwa siku kama hizo.

5. Kila mwenye shauri aandike jina la mrithi wake na aweke pamoja vyeti vyake. Akifariki kabla ya hukumu, jamaa zake watahitaji karatasi za mirathi ili waendelee, na asiyejua hupoteza yote.

TUNAYODAI

Kwa wakubwa wa nchi tunadai mambo manne, na tunayadai kwa adabu lakini bila ya woga.

La kwanza, Bunge liweke katika sheria muda wa kuamua rufaa za kazi, kama lilivyoweka kwa rufaa za uchaguzi. Ikiwa kiti cha mbunge chaweza kuamuliwa kwa miezi sita, kiti cha mtu mbele ya mashine yake chaweza pia.

La pili, majaji wakisha kusikiliza rufaa ya kazi, wataje siku ya hukumu pale pale. Siku ikipita, pande zote zipewe sababu kwa maandishi.

La tatu, siku za kungoja rufaa zisihesabiwe katika ile miaka mitatu ya kurudishwa kazini. Mtu asipoteze kazi yake kwa sababu ya foleni asiyoipanga yeye.

La nne, kila mwaka Jaji Mkuu hutoa taarifa juu ya hali ya Mahakama. Twaomba taarifa ile ionyeshe peke yake hesabu ya rufaa za kazi: ni ngapi, zina umri gani, na ngapi zimesikilizwa bila kutolewa hukumu. Jambo lisilohesabiwa halitengenezwi.

Ndugu, Jumatatu iliyopita yule mzee alikuja kama kawaida. Baada ya kujibiwa "bado", hakuondoka. Aliuliza, "Katibu, nikifa kabla ya barua kufika, pesa zile zitakuwa za nani?" Katibu alimweleza habari ya mrithi na karatasi za mirathi. Mzee akatoa kitambulisho cha mkewe katika mfuko wa koti, maana alikuwa amekuja nacho, akasema, "Basi mwandike." Akaandikwa.

Mtu aliyeshinda kesi yake hakupaswa kuuliza swali lile. Kazi yetu sisi, chama kizima, ni kuhakikisha ya kwamba atakayekaa kwenye benchi lile baada yake ataambiwa tarehe. Mkutano wa matawi ukiitwa, njooni wote, na kila tawi lilete daftari lake.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI